Besi Ilipokatika

Ti. Ti. Ti.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama ya kifaranga aliyefungiwa kabatini, na katika giza la chumba kile usingeweza kusema inatoka pembe gani. Mapazia mazito ya marehemu yalikuwa yameshushwa hadi sakafuni. Nje ulikuwa mchana wa watu wote, jua na honi. Humu ndani Inspekta alisimama mahali kilipokuwa kitanda cha mzee, mikono mifukoni, masikio ameyakaza.

"Umeshachomoa?"

"Nimechomoa, Afande," Koplo alijibu kutoka sebuleni, ng'ambo ya mlango. "Inalia?"

"Inalia. Sasa washa muziki. Kama tulivyoambiwa huwa unapigwa nyumba hii, usiubembeleze."

Muziki ukaja kwa kishindo. Glasi ikagongana na glasi mahali fulani, na kile kilio cha kifaranga kikamezwa kizima kizima. Inspekta alipapasa gizani, akainama hadi shavu lake likaigusa mashine, ndipo akakisikia tena.

"Zima!" alipaza sauti.

Koplo hakusikia kitu. Ikabidi Inspekta aende akazime mwenyewe.

Akarudi akafungua mapazia. Mashine ya oksijeni ilikuwa imekaa pale pembeni, nyeupe, mnene kama mtoto aliyeshiba. Waya wake ulipita chini ya mlango hadi sebuleni, kwa sababu soketi ya chumbani iliungua zamani na tundu lake lilikuwa jeusi, limezibwa kwa karatasi ya gundi. Ndani ya mashine kulikuwa na betri ndogo yenye kazi moja tu duniani: umeme ukikatika, ilie hadi mtu aje. Basi jioni ile ililia. Lililobaki ni kujua nani alikuja, na alipokuja alifanya nini.

Faili lilikuwa kwapani kwa Inspekta, jembamba, na lilikuwa na haraka. Mkubwa wake alikuwa amemcheka asubuhi. "Kesi imeiva hiyo, mama. Wewe bado unapuliza moto wa nini?" Kesho yake nesi wa mzee angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua kwa uzembe. Alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyemwogesha mzee, akamnyoa, akamsomea gazeti, na sasa alikuwa mahabusu akilala juu ya viatu vyake visiibwe.

Maelezo yake yalijaa nusu ukurasa. Alisema alikuwa anaaga, zamu yake imekwisha, akaingia kumtazama mzee kwa mara ya mwisho akakuta mashine inalia. Akafuata waya hadi sebuleni. Plagi ya mashine ilikuwa sakafuni. Ekstensheni iliyo nyuma ya kabati la muziki ina matundu matatu, na yote yalikuwa na plagi. Akapenyeza mkono, akachomoa mojawapo bila kuchagua, akachomeka ya mashine. Mzee akapata hewa, akamfinya kidole. Wakati wa kutoka akamwambia mtoto wa mzee, aliyekuwa barazani na simu sikioni: "Nimerudisha mashine ya mzee, msiiguse." Yule akanyanyua kidole gumba.

Asubuhi mzee alikutwa amekufa. Polisi walipofika, matundu matatu ya ekstensheni yalikuwa na redio ya kuchezea muziki, amplifaya moja ya kukuza sauti, na chaja ya simu. Chaja ni ya nesi, aliyesema aliisahau jikoni. Plagi ya mashine ilikuwa sakafuni.

Na mtoto wa mzee alikuwa ametamka sentensi moja iliyomfungia binti yule mlango. "Anasema alichomoa plagi yangu, muziki ukaendelea? Angechomoa redio, muziki ungekufa. Angechomoa amplifaya, ungekufa. Kaulizeni jirani kama ulisimama hata kidogo." Wakauliza jirani. Haukusimama.

"Kwa hiyo alichomoa mashine ili achaji simu," Koplo alisema sasa, akijifuta jasho. "Mimi naona ni hivyo hivyo, Afande. Tusijisumbue."

"Ulishawahi kumwona mtu anayekwenda nyumbani akichomeka chaja mlangoni?"

Koplo akarudisha leso mfukoni.

"Nisaidie kukunja zulia."

Sebule ilikuwa nadhifu kuliko nyumba ya msiba inavyokuwa. Spika mbili ndefu zilisimama kulia na kushoto kwa kabati, kila moja na duara kubwa la besi chini na kitufe cha twita juu, kinachotoa zile sauti nyembamba za juu. Kando ya kila spika kulikuwa na kisanduku cha mbao ukubwa wa tofali. Inspekta alifunua kimoja. Ndani mlikuwa na koili za shaba, zimezungushwa kwa mkono, mzunguko kwa mzunguko, zimelala kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. Pembeni yake kapasita kadhaa, vikopo vidogo vya kuchuja umeme. Hakuna plagi. Hakuna taa. Waya mmoja unaingia kutoka kwenye amplifaya, miwili inatoka: mmoja kwa besi, mmoja kwa twita.

"Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mzee Koili," alisema Koplo. "Alimfundisha kazi mwanawe kwa hivi hivi visanduku."

Skrubu za kifuniko zilikuwa na kutu. Zile zilizoshika nyaya ziling'aa, zimekwaruzwa upya.

Koplo akalivuta zulia. Kutoka kwenye kabati hadi kila spika, chini ya zulia, kulikuwa na jozi mbili za nyaya. Jozi moja ilikuwa inatumika. Ya pili ilikuwa imekatwa ncha zote mbili na kuachwa imelala, bado laini, bado inanuka plastiki ya dukani.

"Jozi mbili," Inspekta alisema.

"Pengine alinunua nyingi."

"Mtu hanunui nyingi akazipigia misumari sakafuni." Alinyanyuka akijishika kiuno. "Piga picha. Halafu twende kwa jirani."

"Huyo sasa ndiye wa kumbana!" Koplo akachangamka. "Alishawahi kushtaki kelele kwa mwenyekiti wa mtaa mara kadhaa. Ana ufunguo wa ua wa nyuma. Akaingia kuzima huo muziki, kachomoa plagi siyo, basi."

"Tutamuuliza," alisema Inspekta.

Jirani alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, na cherehani yake ilikuwa imebanwa ukutani kabisa, ukuta huo huo wa sebule ya marehemu. Juu ya meza kulikuwa na kopo la pini. Hakusimama walipoingia, alikuwa katikati ya mfuko wa suruali.

"Mmekuja tena? Karibuni. Ila kama ni ule ufunguo wa uani, niliurudisha kwa mke wa yule bwana tangu mwaka jana. Kaulizeni. Na msikalie hilo gauni, ni la bibi harusi."

Koplo alinyanyuka kama aliyekalia moto. Inspekta akampa ishara akaulize habari ya ufunguo kwa simu. Naye akavuta kiti.

"Dada yangu, jioni ile ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa hapa, nashona. Nishawaambia wenzenu. Wakauliza muziki ulisimama? Nikasema haukusimama, ungesimama ningesujudu."

"Ulibadilika?"

Mguu wa fundi ukatulia juu ya kanyagio. Akamtazama Inspekta kwa mara ya kwanza.

"Hilo hawakuniuliza."

"Nakuuliza mimi."

"Ulibadilika, tena sana. Unaliona hili kopo?" Aligonga kopo la pini kwa kidole. "Yule bwana akifungulia, hili hucheza. Huwa nalizuia kwa kipande cha kitambaa, la sivyo linatembea lenyewe hadi chini. Sasa jioni ile likacheza weee, mara likatulia. Tuli. Lakini waimbaji wanaimba! Matoazi yapo, tsi tsi tsi, sauti za wanawake zipo, kama redio ya ndani ya kopo. Tumbo tu la muziki ndilo limeondoka. Nikasema kumbe ana utu. Nikaondoa kitambaa."

"Halafu?"

"Halafu nikawa nimeshona kama mkono mzima wa gauni, besi ikarudi, tu! Kopo hilo chini. Niliokota pini hadi magoti yakauma. Nilimtukana, Mungu anisamehe, nikiwa sijui kama ukuta wa pili kuna mtu anakata roho."

"Besi ilipokuwa haipo, uliona mtu nje?"

"Nesi alipita dirishani akaniaga. Yule bwana alikuwa barazani anatembea huku na huku na simu yake, anamwambia mtu 'sikiliza, sikiliza mwenyewe.' Besi iliporudi bado alikuwa hapo hapo barazani. Hakuingia. Hilo naliapia."

Inspekta aliandika, akamsomea, fundi akatia sahihi kwa chaki ya kitambaa, kisha wakacheka kidogo na kutafuta kalamu. Mlangoni Koplo alikuwa amerudi. Ufunguo ulirudishwa kweli. Uso wake ulikuwa umenywea.

"Usinune," Inspekta alimwambia. "Umetuondolea mtu mmoja njiani."

Mwenye nyumba, yule mtoto wa mzee, alirudi kutoka dukani kwake akiwa na miwani ya jua na shati la hariri. Mjini walimwita Bwana Sauti. Alikuwa amefunga muziki katika nusu ya magari ya wakubwa, na mikono yake ilikuwa minene, laini, imejaa pete. Aliwakuta wamekaa sebuleni kwake, zulia limerudishwa mahali pake.

"Inspekta. Nilidhani tumemalizana."

"Tunamaliza, kaka. Kesho faili linakwenda, nami sitaki kuulizwa kitu nikatoa macho. Mimi na hivi vitu ni mbingu na ardhi. Nieleze tu hivi visanduku ni vya nini, nikajibu kama mtu."

Bwana Sauti alivua miwani. Mtu yeyote aliyewahi kuingia dukani kwake angejua kwamba hapo umemgusa penyewe.

"Hiyo ni krosova. Muziki unakuja umechanganyika, besi na sauti za juu. Ukipeleka vyote kwenye twita, itaungua. Ni kitu dhaifu, kama mboni ya jicho. Ukipeleka vyote kwenye besi, inakoroma. Krosova inagawa. Wewe huku, wewe kule."

"Na hii ni ya aina gani?"

"Hii ya mzee ni pasivu. Haina umeme wake. Inangoja amplifaya imalize kazi, ndipo igawe kwa koili na kapasita. Nguvu nyingine inapotelea humo humo, inageuka joto." Alikisukuma kisanduku kwa ncha ya kiatu. "Na ukitaka kubadilisha kitu, ufungue, ukate koili, uzungushe nyingine. Maisha yake yote alizungusha koili. Mke wake akiumwa, anazungusha koili. Mimi nafunga ndoa, yuko chini ya meza anazungusha koili. Eti ile haina swichi, kwa hiyo hakuna mpumbavu wa kuichezea."

"Mlikuwa mnagombana?"

"Tulikuwa tunabishana. Baba na mwana."

"Wewe unapenda ipi?"

"Aktivu, mama! Hiyo inagawa muziki kabla haujafika kwenye amplifaya. Kisanduku kinachukua wimbo moja kwa moja kwenye flashi, redio haihitajiki, kinagawa, kinapeleka besi kwa amplifaya yake, na sauti za juu kwa amplifaya yake. Kila spika na mtumishi wake. Unarekebisha kwa kidole tu, umekaa. Hiyo ndiyo sauti. Wateja wangu wakubwa siwawekei nyingine."

"Inahitaji umeme zaidi?"

"Kisanduku plagi yake, amplifaya mbili plagi zao." Alisita. "Lakini haikuwa humu. Mzee alikataa. Aliniambia kabisa: nikifa ndipo uguse visanduku vyangu. Nami niliheshimu. Sikuvigusa."

"Nimekuelewa." Inspekta aliandika polepole, kama mwanafunzi. "Kwa hiyo kwa hii ya mzee, nikichomoa amplifaya..."

"Kimya. Vyote vinakufa. Si nilishawaambia wenzako? Ndiyo maana yule binti ni mwongo."

"Na kwa ile yako, nikichomoa amplifaya ya besi?"

"Besi inakatika, za juu zinaendelea kuim..."

Neno halikufika mwisho. Lilining'inia pale katikati ya sebule, na Koplo, ambaye siku nzima alikuwa nyuma kwa hatua moja, akalitazama kama mtu aliyeona nyoka akitoka chini ya kochi.

Inspekta alifunga kalamu.

"Jioni ile besi ilikatika, za juu zikaendelea kuimba. Baadaye besi ikarudi. Jirani ameapa na ametia sahihi."

"Yule kiziwi?"

"Anashona kwa kupiga mguu muziki wako. Hakuna mwanamuziki mwenye sikio kama lake mtaa huu. Koplo, zulia."

Zulia likakunjwa. Jozi ya pili ya nyaya ikaonekana, ncha zimekatwa.

"Kila spika jozi mbili. Moja ya besi, moja ya twita, kila moja na mtumishi wake, kama ulivyonifundisha sasa hivi. Ulifunga aktivu humu baba yako akiwa hai, kitandani, ukuta wa pili. Plagi tatu. Na ekstensheni ina matundu matatu, moja lilikuwa la mashine."

Bwana Sauti alikaa. Kochi lilimpokea kwa mlio wa ngozi.

"Ilikuwa dakika chache tu," alisema, sauti imeshuka. "Nilikuwa nampigia mteja simu asikie. Mteja wa ukumbi mzima. Mzee alikuwa anapumua vizuri siku hiyo, alikuwa amekunywa chai, ametaniana na mjukuu wake. Nikasema dakika chache. Nilitaka... Siku moja tu nilitaka asikie. Ukutani. Asikie akubali."

"Alisikia?"

Bwana Sauti alizungusha pete kidoleni.

"Nesi akakuta mashine inalia," Inspekta aliendelea. "Akachomoa plagi moja, ikatokea ni ya besi. Akakwambia."

"Sikumsikia. Nilikuwa kwenye simu, nikanyanyua kidole tu, kama unavyomnyanyulia mtu yeyote."

"Lakini asubuhi, ulipomkuta baba yako amekufa, ulielewa alichokwambia. Ukalivuta kabati, alama za miguu yake ziko sakafuni hapo. Ukaondoa amplifaya ya pili na kisanduku chako. Ukarudisha visanduku vya mzee na redio yake, mzee bado hajapoa. Tundu moja likabaki wazi. Ukaenda jikoni, ukachukua chaja aliyoisahau binti."

Koplo alitoa pingu kiunoni. Inspekta alimzuia kwa jicho.

"Nimekosa kwenye chaja," Bwana Sauti alisema. Sasa alikuwa anatafuta mlango, na alikuwa mtu wa kuutafuta kwa akili. "Nimekosa kuficha. Nilichanganyikiwa, nishitaki kwa hilo. Lakini mashine ilikuwa imesharudi, si umesema? Nesi aliirudisha, mzee akapata hewa. Aliyemuua ni aliyeichomoa mara ya pili. Na mimi sikuingia ndani. Jirani aliniona barazani, au hilo hakusema?"

"Kasema."

"Basi! Tena njoo, njoo uone." Alinyanyuka akaenda kwenye kabati, kwa haraka ya mtu aliyeokota kamba mtoni. Kati ya kabati na ukuta palikuwa na upenyo. Akaingiza vidole, kiganja, pete zikakwaruza ubao; mkono ukakwama kabla ya kiwiko. Alisukuma hadi akakunja uso. Plagi zilikuwa mbali zaidi. "Unaona? Mkono wangu hauingii! Kulivuta kabati hili ni jasho la nusu saa, na mimi nilikuwa barazani. Mkono wa askari wako je? Jaribu, kaka."

Koplo alijaribu. Ukakwama. Alipouchomoa ulikuwa na mchubuko.

"Mke wangu alikuwa kazini. Nani aliyebaki? Nani? Nesi alirudi. Alirudi kuchukua chaja yake. Yule ndiye ana mkono wa kuku."

Alikuwa anatweta, na kulikuwa na ushindi fulani usoni mwake, ushindi mchafu.

Mlango wa mbele ulifunguliwa. Mke wake aliingia akiwa bado na sare ya kazini, amemshika mkono binti yao mdogo, ambaye mgongoni alikuwa na begi la shule lililomzidi mabega. Nyumbani walimwita Kipusa. Mama aliwaona askari, akaona zulia lililokunjwa, akaona mkono wa mumewe uliokwaruzwa na ule upenyo nyuma ya kabati.

"Kuna nini?"

"Tunazungumza," mumewe alisema. "Nendeni chumbani."

"Nimeuliza kuna nini."

Inspekta aliona macho ya yule mama yakitoka kwenye upenyo, yakiteremka, polepole, kama mtu anayeteremka ngazi gizani, hadi kwenye mkono aliokuwa ameushika. Mkono mwembamba, wenye wino wa shule. Mama aliufunika kwa kiganja chake kingine, ghafla, kama anayekinga mshumaa.

Hapo Inspekta naye akaelewa, na angetoa mshahara wake arudi nyuma hadi kabla ya kuelewa.

"Mama Kipusa," alisema taratibu, "mtoe mtoto nje. Tafadhali. Kuna fundi jirani pale, atampa vipande vya kitambaa achezee."

Lakini yule mama alikuwa amesimama kama aliyepigiliwa. Mtoto ndiye aliyesogea. Alimtazama Inspekta magwanda yake, akatazama pingu za Koplo.

"Nyinyi ndio mmemchukua Dada Nesi?"

"Kipusa, chumbani!" baba yake alifoka.

"Ndiyo, mwanangu," Inspekta alisema.

"Mnampiga?"

"Hapana. Hapigwi."

"Baba alisema ameua babu."

Inspekta alimgeukia Bwana Sauti, akasogea karibu naye kabisa, hadi akasikia manukato yake, akaongea kwa sauti ambayo hata Koplo ilibidi akaze sikio kuipata.

"Ulikuwa barazani. Dirisha hilo lilikuwa wazi. Besi ilipokatika ulipaza sauti, na humu ndani alikuwapo mtu mmoja tu ambaye mkono wake unapita. Sema wewe. Nakupa nafasi hii, kaka, na siku zote za kazi yangu sijawahi kumpa mtu. Sema wewe mwenyewe, sasa hivi, kwa mdomo wako, kabla hajasema yeye. Ukisema wewe, yeye atakuwa mtoto aliyekuwepo tu. Asiposikia kwako, atalibeba hadi uzeeni."

Bwana Sauti alilamba midomo. Alimtazama mwanawe. Alitazama spika, amplifaya, visanduku viwili vya mbao. Pete zake ziligongana. Ilionekana kama anataka kusema. Mtu aliyetumia maisha yake kugawa sauti, hii kwenda huku na hii kule, alisimama sebuleni kwake na hakutoa hata moja.

"Baba Kipusa," mkewe alimwita. Ilikuwa kama kumwomba maji.

"Sijui wanazungumza nini," alisema hatimaye, akiangalia sakafu. "Muulizeni nesi."

Kipusa alimtazama baba yake kwa mshangao, bila hasira, kama unavyomtazama mtu mzima aliyesahau jibu rahisi ubaoni. Akavua begi akaliweka chini, akasimama wima, mikono ubavuni, kama walivyofundishwa wafanye mwalimu akiuliza.

"Baba aliniambia nirudishe waya wa besi, nikaurudisha."